Kitufe cha "Mimi ni mtaalamu wa afya" hakifungi mlango: kutangaza dawa za cheti mtandaoni kwa wanaostahili tu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mfamasia, tuna duka la dawa la jumla hapa Mtwara mjini. Tunahudumia hospitali, zahanati na maduka ya dawa muhimu (DLDM) kuanzia Masasi na Newala hadi Nachingwea na Lindi. Tunataka kufungua tovuti na kundi la WhatsApp la kutangaza dawa tulizonazo, zikiwemo za cheti. Fundi wa tovuti anasema tukiweka kitufe cha "Mimi ni mtaalamu wa afya" mwanzoni, tumemaliza. Je, ni kweli? Na watoa dawa wa DLDM wanahesabika kuwa wataalamu?

Jibu: Nzuri, ndugu mfamasia, na umefanya vema kuuliza kabla fundi hajalipwa. Kitufe peke yake hakitoshi. Mwenye simu yeyote anakibonyeza na kupita: mwanafunzi wa kidato cha 3, dereva wa bodaboda, mgonjwa anayehangaika na maumivu saa 8 usiku.

Kitufe hicho kina kwao. Utakikuta kwenye tovuti nyingi za Uingereza, kwa sababu kanuni za ABPI, chama cha kampuni za dawa za huko, zinakubali sehemu ya wataalamu isiyo na nywila, mradi imetenganishwa waziwazi na sehemu ya umma, imeeleza imekusudiwa nani, na umma nao umewekewa taarifa zake. Lakini nyuma ya kitufe hicho kuna kufuli jingine ambalo fundi wako halioni. Mwingereza aliyeshawishiwa na tangazo hapewi dawa ile dukani bila cheti. Kwetu unajua mwenyewe: mtu anaingia dukani, anataja azithromaisini au anaonyesha boksi tupu, anatoka nayo. Kufuli la kaunta likilegea, kufuli la tangazo ndilo linalobaki. Kwa hiyo la kwako linatakiwa kuwa gumu kuliko la London.

Sheria yetu haina utata kwenye msingi. Chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, tangazo la dawa hupita kwanza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na dawa za cheti hazitangazwi kwa umma. Mtandao haubadilishi hilo. Ofisi ya TMDA ya Kanda ya Kusini iko hapohapo Mtwara, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha. Usiende kuomba kibali cha "tovuti" kwa jumla. Peleka kila tangazo kama litakavyoonekana kwenye simu, pamoja na picha ya kile anachokiona mtu ambaye hajaingia. Hicho cha pili ndicho wengi hukisahau, na ndicho chenye hatari zaidi.

Nchi zinazojulikana kwa kuruhusu dawa za cheti zitangazwe moja kwa moja kwa wananchi ni Marekani na New Zealand. Fundi akikuletea tovuti ya kampuni ya Marekani kama mfano wa kuiga, usiikubali, hata kama imependeza.

Sababu ya kuhangaika kiasi hiki ni kwamba tangazo, kwa asili yake, huikata ile sentensi ya tahadhari. Chukua sildenafili. Mtu anayetumia naitreti kwa maumivu ya kifua akiimeza, presha inaweza kushuka ghafla hadi kupoteza maisha. Kwenye posti ya "nguvu za kiume" sentensi hiyo haipo. Klobetasoli ya 0.05%, dawa kali ya steroidi ya kupaka, huandikwa kwa muda usiozidi wiki 2 mfululizo, isipite gramu 50 kwa wiki, lakini inauzwa kama mafuta ya kung'arisha uso na watu wanaipaka miezi na miezi hadi ngozi inakuwa nyembamba na kuchora mistari. Deksamethasoni, steroidi ya kumeza, inapewa jina la "vidonge vya kunenepesha". Aliyeizoea akiiacha ghafla, tezi za adreno zilizo juu ya figo, ambazo dawa ilikuwa imezilaza, zinashindwa kuamka kwa wakati, na anaweza kuzimia. Msimu wa korosho, minada inapoanza kuanzia Oktoba na pesa ikaingia vijijini Tandahimba na Newala, wauzaji wa vitu hivi wanajua pa kwenda. Tovuti yako haitakuwa ya watu hao. Lakini picha yako nzuri ya boksi, yenye nembo ya duka linaloaminika, ndiyo watakayoichukua na kuitumia.

Hata dawa halali ya kampuni kubwa haikuwa salama kwa njia hii. Merck ilitumia zaidi ya dola milioni 100 mwaka 2000 kuitangaza rofekoksibu, dawa ya maumivu yenye jina la kibiashara Vioxx, kwa wananchi wa Marekani. Septemba 2004 ikaiondoa sokoni kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Wengi walioimeza wangeweza kupona maumivu yao kwa dawa za zamani.

Sasa kazi yenyewe.

Mlango halisi unamthibitisha mtu. Fomu ya kujiandikisha iwe na jina kama lilivyo kwenye leseni, baraza lililomsajili, namba ya usajili, kituo anachofanyia kazi na namba ya simu. Madaktari na matabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na wafamasia pamoja na mafundi dawa chini ya Baraza la Famasi. Mtu wako wa ofisini alinganishe namba na jina kwenye rejista ya baraza husika. Hapo bado hajamaliza, kwa sababu namba ya leseni si siri: imetundikwa ukutani kwenye kila famasi na mtu anaweza kuinakili. Kwa hiyo apige simu kituoni, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe na siyo ile iliyoandikwa kwenye fomu, aulize kama mtu huyo yuko kazini pale. Akithibitishwa, mfumo utume tarakimu za kuingilia kwenye simu yake. Ujerumani kampuni nyingi huiachia kazi hii huduma ya DocCheck, ambayo huhakiki taaluma mara moja na kufungua milango ya tovuti nyingi. Ninyi wateja wenu ni wa mikoa 2 na karibu wote mnawajua kwa ankara. Kuhakiki kwa mkono kunawezekana kabisa.

Akaunti iwe ya mtu, isiwe ya kituo. Nywila moja ya "zahanati" huishia kubandikwa pembeni ya kompyuta ya mapokezi, na ndani ya mwezi mmoja hata fundi wa jenereta anaijua. Andika tarehe ya mwisho ya leseni kwenye akaunti ili mfumo ujifunge wenyewe siku hiyo na kumwomba ahuishe. Akaunti isiyoguswa kwa dakika 20 ijifunge, kwa sababu vijijini simu moja hutumiwa na watu kadhaa.

Kitu kimoja mafundi wa Dar es Salaam hawakifikirii: ukubwa wa ukurasa. Tabibu wa zahanati huko Nanyumbu au Liwale akikutana na faili la PDF la megabaiti 15 kwenye mtandao unaokatika, hataingia. Atampigia mfanyakazi wako na kusema "nitumie picha WhatsApp", na mfanyakazi atatuma, maana mteja ni mteja. Hapo kufuli lako limefunguliwa na watu wenye nia njema kabisa. Andika kurasa za maandishi, nyepesi, zisizozidi kilobaiti 100 au 200. Tarakimu za kuingilia zidumu dakika 15, kwa kuwa ujumbe mfupi wakati mwingine hukawia njiani. Kufuli linalochosha watu watalizunguka tu.

Kuhusu DLDM, swali lako lina uzito. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na lengo lilikuwa watu wa vijijini wapate dawa bora mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Mtoa dawa wa DLDM anaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti zilizo kwenye orodha yake, amoksilini ikiwemo. Lakini yeye haandiki cheti, na mafunzo yake si ya kupima madai ya kitaalamu ya kampuni. Ushauri wangu ni kuweka ngazi 2 ndani ya mfumo. Ngazi ya kwanza ni ya madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia na mafundi dawa. Ngazi ya pili ni ya watoa dawa wa DLDM: waone zile tu zilizo kwenye orodha yao, na waonacho kiwe maelezo ya utoaji, yaani dozi kwa umri na uzito, nani asipewe, dalili gani zimpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Tangazo la kuwashawishi wauze zaidi lisiwepo. Ukiwaonyesha sindano ya bei nzuri ambayo hawaruhusiwi kuweka, unawatengenezea majaribu. Mpangilio huu wa ngazi uandike kwenye barua ya TMDA na uombe wakujibu kwa maandishi kama wanaukubali.

Tuje kwenye yanayovuja, maana hapa ndipo tovuti nyingi zilizofungwa vizuri huanguka.

La kwanza ni kiungo kinapobandikwa WhatsApp. Kabla mtu hajabonyeza, WhatsApp huchota kichwa cha ukurasa, maelezo mafupi na picha, ikaviweka kwenye kikasha kidogo. Kama kichwa ni "Dawa mpya inayoshusha sukari haraka" na picha ni boksi, tangazo limeshasomwa na kundi zima la kikoba, na ukurasa wenyewe haujafunguliwa. Mwambie fundi aweke kichwa kimoja kwa kurasa zote za ndani, mfano "Taarifa za bidhaa kwa wataalamu waliosajiliwa", na picha ya nembo tu. Anwani ya ukurasa nayo isibebe jina la dawa wala sifa yake, tumia namba.

La pili ni injini za utafutaji. Mafundi wengi huziba kurasa kwa faili la robots.txt wakadhani wamemaliza. Faili hilo huizuia roboti isiusome ukurasa, lakini anwani yake bado inaweza kutokea kwenye matokeo kama kuna mahali imetajwa. Agizo la kutoorodhesha, noindex, huandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, na roboti iliyozuiwa mlangoni hailioni. Ukivitumia vyote 2 pamoja, kimoja kinakibatilisha kingine. Kwa kurasa zilizo nyuma ya kuingia, seva inatakiwa ikatae kutoa chochote kwa asiyeingia. Noindex ni ulinzi wa ziada.

La tatu ni mafaili. Ukurasa unaweza kudai nywila huku PDF na picha zake zimehifadhiwa kwenye folda iliyo wazi. Mtu mmoja akinakili anwani ya faili, dunia nzima inalifungua. Kila faili lipite kwenye ukaguzi uleule wa akaunti. Video ya mafunzo uliyoiweka YouTube kama "isiyoorodheshwa" ni wazi kwa kila mwenye kiungo, kwa hiyo haifai kwa jambo hili.

La nne ni ukurasa wa kuingilia wenyewe. Nimeuona umeandikwa "Ingia ujue dawa inayomaliza UTI kwa siku 3". Hilo tayari ni tangazo, na limewekwa nje ya mlango. Kila kinachoonekana kabla ya kuingia kiandike kana kwamba msomaji ni mgonjwa, kwa sababu mara nyingi ndiye.

Kundi la WhatsApp lenyewe nashauri lisiwe mahali pa tangazo kabisa. Ujumbe wa kufowadi hauna mlango, na ujumbe wa kujifuta hauzuii skrinishoti. Litumie kama kengele: "Kuna taarifa mpya kwenye akaunti yako, ingia usome." Jina la dawa lisitajwe, bei isitajwe. Oda na ankara zishughulikiwe kwa mazungumzo ya mteja mmoja mmoja. Vilevile usilipie posti yoyote yenye jina la dawa ya cheti isambazwe Facebook au Instagram. Kuchagua "wauguzi, Mtwara" kwenye mipangilio hakumthibitishi mtu. Mtandao unakisia taaluma kutokana na anachopenda na anachosoma, kwa hiyo mgonjwa wa presha anayesoma sana kuhusu presha anaweza kuingizwa humo. Meta na Google zenyewe zinadai idhini maalumu kabla ya matangazo ya dawa za cheti.

Ndani ya mlango, usidhani umma ukishatoka basi kila kitu ni ruhusa. Mtaalamu naye hushawishika. Vigezo vya maadili vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1988 vimeainisha tangazo la kumfikia mwandika cheti liwe na nini, na navipendekeza kama kiolezo cha kila ukurasa: jina la kiambato hai, jina la kibiashara, kiasi cha kiambato kwa kila kidonge au mililita, viambato vingine vinavyojulikana kuleta matatizo, matumizi yaliyoidhinishwa, dozi, madhara, tahadhari na wasiopaswa kutumia, mwingiliano na dawa nyingine, jina na anwani ya mtengenezaji au msambazaji, na rejea za kitaalamu inapofaa. Ongeza namba ya usajili ya TMDA na tarehe ukurasa ulipoandikwa. Tahadhari ziwe na herufi za ukubwa uleule wa sifa. Usiweke ushuhuda wa mgonjwa, wala neno kama "salama kabisa", wala zawadi kwa anayeagiza maboksi mengi.

Huenda unajiuliza umma ubakiziwe nini. Mengi. Jina la duka, mahali lilipo, saa za kazi, leseni, jina la mfamasia msimamizi, kupima presha na sukari kama mnapima, namna ya kutunza dawa kwenye joto la pwani, namna ya kutambua boksi lililofunguliwa. Elimu ya ugonjwa nayo inafaa, ila iangalie vizuri. "Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara vinaweza kuwa dalili za kisukari, nenda ukapime" ni elimu. "Tuna sindano za kupunguza uzito, karibu" ni tangazo la dawa ya cheti hata kama hukutaja jina. Uingereza wasimamizi wa matangazo na wa dawa walilisisitiza hilo kwa maduka ya mtandaoni mwishoni mwa 2024, na walikuwa wameshalisema miaka mingi kuhusu Botox na "sindano za makunyanzi".

Mgonjwa akikuandikia mwenyewe "Mna losatani ya 50?", kumjibu "Ipo, njoo na cheti" ni jibu la swali lake. Sheria ya dawa ya Umoja wa Ulaya inatenga waziwazi mawasiliano ya namna hiyo, pamoja na orodha za bei zisizo na sifa za dawa, nje ya maana ya tangazo. Mahakama ya Ulaya nayo mwaka 2011, katika shauri la MSD na Merckle, ilisema kampuni kuweka kwenye tovuti karatasi ya maelezo kama ilivyo, bila kupunguza wala kuipamba, kwa mtu anayeitafuta mwenyewe, haikatazwi. Hizo ni sheria za huko, haziwafungi TMDA. Lakini zinakupa swali zuri la kuwauliza: je, orodha ya bei bila maelezo, na karatasi ya maelezo nzima iliyoidhinishwa, mnazihesabu vipi? Mpaka wajibu, ziweke ndani ya mlango.

Taarifa za watumiaji zina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huhitaji kuhifadhi picha ya leseni ya mtu. Ukishahakiki, bakiza namba, tarehe ya mwisho na jina la aliyehakiki, picha ifutwe. Kumbukumbu za nani alifungua ukurasa gani zisigeuzwe silaha ya kumwandama tabibu ambaye hajaagiza.

Kabla ya kufungua tovuti, na kila baada ya miezi 3, fanyeni jaribio kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mfumo. Tafuta jina la duka lako pamoja na jina la dawa mojawapo, uone kinachotokea. Jitumie kiungo cha ndani WhatsApp, uangalie kikasha chake. Nakili anwani ya PDF kutoka simu iliyoingia, uifungue kwenye hii. Kwenye simu iliyoingia, toka kisha bonyeza kurudi nyuma; ukurasa ukionekana tena, fundi hajamaliza kazi. Jaribu kujiandikisha kwa namba ya leseni ya mfamasia wako ukitumia simu ya mtu mwingine, uone kama mhakiki atanasa. Kila toleo la tangazo lihifadhiwe na tarehe yake na kibali chake, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kulishusha siku hiyohiyo TMDA wakisema au taarifa mpya ya madhara ikitoka.

Kisha ukae na vijana wako wa mauzo. Stetasi zao za WhatsApp zinasomwa na shangazi, majirani na waliosoma nao Ndanda. Boksi la dawa ya cheti likipigwa picha ghalani na kuwekwa humo na maneno "mzigo mpya umeingia", kisheria na kiafya ni tangazo kwa umma, na nembo iliyo nyuma ni ya kwako. Liandike katazo hilo kwenye mkataba wa kazi, kwa sentensi moja, wasaini.